Shimba Hills kwa kamera: jinsi ya kupiga picha za anga na wanyama zitakazofaa hata miaka ijayo

Anayetoka Ukunda kwenda Kwale mjini huona Shimba Hills mbele yake. Wa Kinango huziona upande wa pili, na mvuvi wa Tiwi au Gazi huziona kila anapogeuka kutazama bara. Kwa kuwa tumezizoea, ni rahisi kudhani kwamba vilima hivi havibadiliki. Ukweli ni kwamba nyasi hurefuka na kuchomeka, vichaka husogea, vidimbwi hujaa na kukauka, na anga ya Aprili haifanani na ya Januari.

Leo wakaazi wengi wanatembea na kamera mfukoni. Wanafunzi huzuru hifadhi, familia huenda matembezi wikendi, na vijana wanaotembeza watalii hupanda vilima hivyo mara nyingi kwa mwezi. Picha nyingi wanazopiga husambazwa siku moja na kusahaulika. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupiga picha nzuri za anga na wanyama wa Shimba, na jinsi picha hiyohiyo inavyoweza kuwa kumbukumbu yenye manufaa kwa kaunti. Simu ya kawaida inatosha kuanza.

Mahali pamoja, picha nyingi

Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills ilitangazwa rasmi mwaka 1968. Iko umbali wa kilomita 33 hivi kusini magharibi mwa Mombasa, na vilima vyake hufikia takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari. Inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori Nchini (KWS) kwa ushirikiano na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Chemchemi za Marere zilizo ndani yake huwapa maji wakaazi wa Kwale na Mombasa. Kwa hivyo hali ya msitu na nyasi za Shimba inamhusu hata mtu ambaye hajawahi kuona ndovu.

Picha moja ya kilima hukuonyesha kilima siku hiyo tu. Picha kumi na mbili zilizopigwa kutoka mahali palepale, kila mwezi moja, hukuonyesha mwaka mzima. Zikifika miaka kumi, hukuonyesha mabadiliko ambayo macho hayawezi kukumbuka.

Mlima Kenya ni mfano mzuri. Halford Mackinder alipoupanda mwaka 1899, msafara wake ulirudi na picha za barafu ya kileleni. Waliopanda baadaye walisimama karibu na sehemu zilezile wakapiga tena, na kwa kulinganisha picha hizo yeyote anaweza kuona jinsi barafu ilivyopungua, hata kama hajasomea sayansi.

Hapa kwetu hatuna barafu, lakini tuna mvua. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, maeneo makavu ya Kenya yalipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na Kinango iliumia. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko. Mtu ambaye kila mwezi wa miaka hiyo angesimama sehemu moja ya Shimba na kupiga picha kuelekea bonde la Kinango, leo angekuwa na ushahidi wa ukame na wa mafuriko katika albamu moja.

Kwa nini anga ya Shimba haitulii

Sababu ya kwanza ni bahari. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba hivi, upepo huja na unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ukifika Shimba hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu au wingu. Ndiyo maana asubuhi ya kusi Kwale mjini inaweza kuwa ndani ya ukungu huku Diani kuna jua.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, hewa ni ya joto na mvua ni chache. Anga huwa nyeupe nyeupe kwa vumbi na mvuke, na bahari huonekana kwa mbali kama imefunikwa na kitambaa. Picha za mandhari ya mbali hazitoki vizuri mchana wa kaskazi, ila mawio yake huwa na rangi nyekundu na ya machungwa.

Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha tangambili, ambapo upepo hubadilika badilika. Huu ni wakati mzuri kwa mpiga picha, kwa sababu mawingu makubwa hujikusanya alasiri na mwanga hupenya katikati yake. Ni wakati pia wa radi. Ukisikia ngurumo ukiwa kwenye kilima kilicho wazi, weka kamera na urudi garini. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Sababu ya pili ni umbo la vilima vyenyewe. Upande wa mashariki hupokea upepo wa bahari na mvua yake. Upande wa magharibi, kuelekea Kinango, hubaki na mvua kidogo. Mtu akisimama juu anaweza kupiga picha mbili kwa kugeuka tu: moja ya kijani na mawingu, nyingine ya nyika kavu. Ukitaka kumweleza mtoto kwa nini Msambweni inalima minazi na Kinango inafuga ng'ombe, picha hizo mbili zinatosha kuanzisha mazungumzo.

Saa za mwanga na saa za lango

Tuko karibu na ikweta, kwa hivyo mapambazuko na machweo yetu ni mafupi. Baada ya jua kuzama, giza hutanda ndani ya nusu saa. Mwanga laini wenye rangi ya dhahabu hupatikana katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na saa ya mwisho kabla ya kuzama. Mchana, hasa mapema Machi na mapema Oktoba jua linapokuwa utosini, vivuli huangukia chini ya vitu, na nyuso za wanyama hutoka nyeusi.

Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili hivi na saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kutegemea mwezi. Februari linachelewa, na Novemba linawahi. Anayetaka mawio juu ya bahari afike langoni mapema mwezi wa Februari au Julai, kwa kuwa miezi hiyo ana karibu nusu saa ya kujiandaa. Mwezi wa Novemba atakuta jua limeshatoka.

Kuhusu machweo, mwaka mzima jua letu huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati lango limeshafungwa. Kwa hivyo mgeni wa siku moja asichelewe ndani ya hifadhi akisubiri machweo. Apige picha za mwanga wa saa kumi na moja, atoke kwa wakati, kisha apige machweo akiwa nje.

Ndani ya hifadhi kuna sehemu zinazojulikana kwa mandhari, kama Giriama Point na Pengo, ambapo siku isiyo na ukungu unaona pwani na bahari. Elephant Hill ndiko yanakoanzia matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick, umbali wa kilomita mbili hivi kwa miguu pamoja na askari wa KWS. Njia hushuka wakati wa kwenda na kupanda wakati wa kurudi. Bebeni maji ya kutosha na viatu vinavyoshika ardhi. Ukifika kwenye maporomoko, futa lenzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga, kwani mvuke wa maji huifunika bila wewe kujua.

Palahala, ndovu na mbega

Shimba Hills ndiko makao pekee yaliyobaki ya palahala nchini Kenya. Wengine humwita mbarapi. Dume lililokomaa ni jeusi, lina tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Majike na ndama ni wa rangi ya kahawia, nao hutembea kwa kundi. Dume mara nyingi huonekana peke yake kwenye eneo lake.

Palahala anahitaji nyasi. Vichaka vikisogea na kufunika nyasi, malisho yake hupungua. Ndiyo sababu wasimamizi huchoma baadhi ya nyasi kwa mpango, ili zichipue upya. Mpiga picha anayerudi kwenye uwanda uleule wa nyasi kila mwezi anarekodi jambo hili bila kumwona hata palahala mmoja: mpaka kati ya nyasi na kichaka uko wapi leo, na ulikuwa wapi mwaka jana?

Kumpiga picha mnyama mweusi kuna ugumu wake. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, kwa hivyo huongeza mwanga, na palahala hutoka wa kijivu huku anga ikiungua na kuwa nyeupe. Kwenye simu, gusa skrini juu ya mnyama ili kamera imlenge, kisha shusha mwanga kidogo hadi weusi wake urudi. Kwa mbega wa pwani, ambaye ni mweusi na ana manyoya meupe mabegani, shusha mwanga hadi manyoya meupe yaonekane vizuri. Mbega akiwa juu ya mti na nyuma yake ni anga tupu, hatatoka ila kivuli. Sogea upande hadi nyuma yake kuwe na majani. Ushauri huu unafaa pia Diani, ambako mbega hupatikana karibu na makaazi ya watu.

Kwa ndovu, wakati mzuri ni asubuhi na alasiri, wanapotoka msituni kwenda kula au kunywa maji. Mpige picha akiwa pamoja na mahali alipo: nyasi, mti, wingu nyuma yake. Picha ya jicho au mkonga pekee inaweza kuwa ya mbuga yoyote ya Afrika. Ndovu aliyesimama juu ya ukingo na Bahari ya Hindi nyuma yake ni picha ya Kwale.

Usisahau viumbe wadogo. Shimba ina chura mdogo wa matete mwenye mgongo wa rangi nyeusi na michirizi myekundu kama nyungunyungu, ambaye hajulikani kuishi kwingine duniani isipokuwa eneo hili. Kidimbwi kinachoonekana hakina maana kwa mpita njia kinaweza kuwa ndiyo nyumba yake yote.

Usalama na ruhusa

Hakuna picha inayostahili maisha ya mtu. Ndani ya hifadhi, kaa garini isipokuwa kwenye sehemu zilizoruhusiwa kushuka, na usitembee kwa miguu bila askari. Ndovu akigeuka kukukabili, akainua kichwa na kutanua masikio, anakuambia umekaribia mno. Rudi nyuma polepole, usipige honi wala kelele. Ukiwa kwenye matembezi, mfuate askari bila kubishana, hata kama picha ulikuwa karibu kuipata. Usitumie mwanga wa flashi kwa wanyama, usiwarushie chakula, na usiwatishe ili waangalie kamera.

Droni haziruhusiwi kurushwa ovyo. Kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), na ndani ya hifadhi unahitaji pia ruhusa ya KWS. Anayepiga picha za biashara au filamu aulize kibali kabla ya kusafiri na vifaa.

Makaya nayo yana taratibu zake. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani ni mojawapo. Mgeni huingia na mwongozaji, hufunga kaniki, na hufuata masharti ya wazee. Mwongozaji akisema hapa kamera irudi mfukoni, irudi mfukoni. Sehemu ambazo hazipigwi picha zimebaki na miti mikubwa kwa sababu watu waliziheshimu kwa vizazi vingi.

Baada ya kupiga picha

Hapa ndipo wengi hufanya kosa bila kujua. Simu nyingi huweka ndani ya picha tarehe, saa na mahali hasa ilipopigwa. Habari hizi ni mali kwa anayehifadhi kumbukumbu, na ni hatari zikimfikia jangili. Palahala wetu ni wachache na hawana pengine pa kukimbilia nchini. Kwa hivyo fuata kanuni mbili.

Kwanza, hifadhi picha asili na maelezo yake yote. Usiifute baada ya kuirembesha rangi. Hakikisha tarehe na saa ya simu ni sahihi, na uandike kwenye daftari mahali uliposimama na mwelekeo uliotazama.

Pili, unapoisambaza kwa umma, ondoa mahali hasa. Andika "Shimba Hills" na uishie hapo. Usitaje uwanda, kidimbwi wala njia alipoonekana palahala, ndovu mwenye pembe kubwa, kiota cha tai au mmea adimu. Fahamu pia kwamba picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza maelezo hayo, ilhali ile inayotumwa kama faili huenda nayo yote. Mtafiti mtumie faili. Kundi la kijiji litumie picha ya kawaida.

Kuna mahali pa kupeleka picha hizi zikafanya kazi. Jukwaa la iNaturalist hupokea picha za mimea na wanyama, watu wenye ujuzi husaidia kuzitambua, na mahali walipo viumbe walio hatarini hufichwa kwa umma. Kwa ndege, mradi wa Kenya Bird Map hukusanya taarifa za ndege waliooonekana kila eneo la nchi. Mwanafunzi wa Lunga Lunga anaweza kuchangia sawa na mtafiti wa Nairobi.

Kwa wanaopakana na hifadhi

Si kila mtu anayemwona ndovu anafurahi. Kwa mkulima anayepakana na hifadhi, ndovu akivuka uzio huacha shamba la mahindi au minazi michanga likiwa chini. Mwaka 2005 KWS ilihamisha baadhi ya ndovu wa hapa hadi Tsavo East kwa sababu idadi yao ilikuwa imezidi eneo, na kabla ya hapo wenye mashamba wa Mwaluganje walikuwa wameamua kutenga ardhi yao iwe hifadhi ya jamii. Bado migongano ipo.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu madai ya fidia kwa kifo, majeraha, na uharibifu wa mimea, mifugo na mali, na kuweka kamati ya kuyapitia katika kila kaunti. Mkulima mwenye mazoea ya kupiga picha shamba lake kila mwezi, kutoka pembe ileile, ana picha ya mimea ilivyokuwa kabla. Akiongeza picha za uharibifu na za nyayo, maelezo yake yanakuwa na nguvu. Picha hazichukui nafasi ya ripoti kwa KWS na ya afisa kufika shambani kukagua. Ripoti mara moja, usiondoe mabaki kabla ya ukaguzi, na usimfuate ndovu ili kumpiga picha.

Anza hivi

Chagua sehemu moja utakayoweza kuirudia: kilima ndani ya hifadhi, uwanja wa shule unaotazama Shimba, au mlango wa nyumba yako. Chagua alama isiyohama, kama jiwe au nguzo, na usimame hapo kila mara. Shika simu kwa upana, weka mstari wa upeo uwe sawa, na uache anga ichukue theluthi mbili ya picha. Piga tarehe moja ya kila mwezi, saa ileile. Usisubiri siku nzuri, maana siku ya ukungu nayo ni taarifa. Linganisha kila picha mpya na ya mwezi uliopita kabla ya kuondoka, ili uone kama umesimama sawa.

Vilabu vya wanyamapori shuleni vinaweza kugawana kazi hii: darasa moja lishike anga, jingine nyasi, jingine ndege. Wanafunzi wakihitimu, wanaowafuata wapokee daftari na picha. Mtoto anayeanza leo akiwa darasa la nne atakuwa na miaka kadhaa ya kumbukumbu kabla ya kumaliza shule, na Kwale itakuwa na jambo la kulinganisha wakati mtu atakapouliza nyasi za palahala zilifika wapi.